Mapanki

Laptopu niliinunua Makoroboi, mkono wa pili,
kitufe cha H kimeng'oka, feni inakoroma,
na ndani mwake nilikuta picha za harusi ya watu nisiowajua,
Kahama, wamesimama mbele ya keki.

Sasa nina harusi yangu: ya Minza, Igoma.
Saa tatu na dakika kumi na moja,
nimeshika simu mpaka bega likafa ganzi.
Elfu themanini, nusu kwanza.
Nusu nyingine nikileta kitu kinachotazamika.

Natafuta programu ya kukatia.

Ya kwanza walisema ni bure.
Kweli: ilinipa mkasi, ikanipa na maua ya kudondoka,
na nilipomaliza, usiku wa manane,
ikagonga jina lake kwenye paji la uso la bibi harusi
kama chapa ya ng'ombe.
Kulifuta, lipia.

Ya pili inataka dola kila mwezi.
Nikapiga hesabu nyuma ya risiti ya luku,
dola kwa shilingi, shilingi kwa miezi,
miezi kwa harusi ambazo bado sijaitwa.
Hiyo ni programu ya kupanga, kama chumba:
kodi ikichelewa unakuta vyombo vyako nje.

Lugembe wa Mlango Mmoja, anayejaza watu nyimbo kwenye flashi,
akainama: "Ninayo ile kubwa, ya studio.
Elfu tano. Kufuli nimeshalivunja.
Ila zima kwanza kinga ya virusi."
Nikamuuliza mgeni gani huyu
anayetaka mbwa afungwe kabla hajabisha hodi.
Akacheka, akaendelea kufuta vumbi la spika.
Nisijisifu. Sikununua,
lakini mfukoni nilikuwa na elfu tatu.

Ya mwisho niliishusha kwa bando la usiku,
tone kwa tone, mpaka jogoo wa jirani.
Bure, wala haina chapa;
wameiandika watu wa mbali kwa kuchangiana,
kila mmoja na tofali lake, na inaonekana:
vitufe vya kijivu, vimerundikana
kama mawe ya kilima chetu, Mabatini,
hujui lipi limebeba lipi.
Iliganda mara saba siku ya kwanza.
Nikajifunza kuhifadhi kabla ya kupumua.

Nikakata.
MC alipokohoa, kata.
Shangazi aliyepita mbele ya kamera na sahani, kata.
Kata, kata, mpaka ikabaki minofu mitupu:
pete, keki, pete.

Mama akarudi zamu ya usiku, kiwanda cha samaki,
vidole vimepauka kwa barafu.
Miaka kumi na tisa anachuna sangara
kwa kisu ambacho hakukichagua yeye.
Akasimama nyuma yangu, buti moja bado mguuni.
"Na hicho umetupa?"

Hicho: sekunde ishirini na sita.
Baba yake Minza nyuma ya simtanki,
anafuta miwani kwa ncha ya tai,
anaivaa, anaivua, anafuta tena.

"Kimetikisika, Mama. Halafu hakina sauti."

"Minofu hupanda ndege," akasema.
"Wewe nilikukuza kwa mapanki.
Kichwa na mgongo, mwanangu. Mchuzi uko huko."
Akaenda kulala bila kula.

Nimekirudisha. Nimemrudisha na shangazi na sahani yake.
Dakika kumi na nne zote, na kule mwanzoni
nimeandika kwa herufi za njano: ARUSI YA MINZA.
Bila H. Kiswahili kimenihurumia.

Sasa inapika faili. Feni inalia kama mashine ya kusaga.
Asilimia arobaini.
Asilimia sitini na mbili.
Taa ya jirani imepepesa.

Umeme, nakuomba,
dakika tisa tu.