Jiwe Chini ya Kiti

Pijo ya babangu iko Tudor, ubavuni mwa nyumba,
chini ya turubai lililotoka bandarini bila barua.
Mwaka wa sita huu haijawaka.
Kila Jumamosi mtu huja kuitazama,
kama waendao kumtazama mgonjwa,
na kila mmoja ana dawa yake mfukoni.

Swabiri, kitindamimba wetu, hana subira.
"Injini ya Toyota, dada. Hii iliyomo ni chuma cha kilo.
Rimu pana. Rangi nyeusi isiyong'aa.
Viti vya ngozi, kiyoyozi,
halafu twaikodisha harusini."
Apiga boneti kwa vidole viwili
kama apigaye tikiti soko la Kongowea,
kusikiza kama limeiva.

Bwana Taibali wa Nyali, mwenye magari saba kivulini,
yeye hataki hata msumari uguswe.
Alikuja na tochi na glovu nyeupe.
"Kutu usiisugue," akasema. "Kutu nayo ni hati."
Bei aliyotaja ilinifanya nikae kwenye ngazi.
Lakini nikamtazama viatu vyake, nikajua:
huyu hajasukuma gari maishani.

Mimi nilikuwa upande wake, kusema kweli.
Nilitaka ibaki kama ilivyo, kama alivyoiacha,
na funguo zining'inie palepale kwenye msumari.

Fundi Chengo alilala chini yake tangu adhuhuri
akatoka na mchanga kisogoni, anacheka.
"Mishi, asili gani hiyo mnayogombania?
Mlango huu wa kushoto ni wa gari ya posta.
Kwangua, utaona wekundu.
Kabureta ni ya Datsun.
Hapa pamefungwa mpira wa baiskeli,
na kirungu cha gia amekichonga kwa mkwaju, kwa kisu.
Babako hakuwa na gari moja.
Alikuwa na gari ya kila mwezi."

Nikanyamaza.
Nihifadhi mwezi upi, basi?
Ule wa buluu, kabla sijazaliwa?
Ule mamangu aliposhona viti upya
kwa kitambaa cha mwavuli wa hoteli,
tukawa twakaa juu ya mistari ya njano
kama watalii waliopotea?

Nikaingiza mkono chini ya kiti cha dereva
kutafuta sijui nini, na nikalipata.
Jiwe la tumbawe, ukubwa wa mkate wa mofa,
upande mmoja umelainika kwa kupakatwa.

Likoni. Mteremko wa feri. Nina miaka saba.
"Mishi, jiwe!"
Naruka miguu mitupu, lami yaunguza,
naliweka mbele ya gurudumu na kulishika kwa mikono miwili,
na babangu acheka dirishani, acheka sana,
nami najua kwa yakini
kuwa ni mimi niliyezuia gari isiingie baharini.

Leo nina umri aliokuwa nao siku ile.
Nina watoto wawili na mkopo wa SACCO.
Naelewa kicheko kile kilikuwa kinafunika nini.

"Breki, Chengo," nikasema. "Zote nne, mpya.
Za gari gani, sijali. Mradi zishike."
"Na injini?"
"Injini tutazungumza."
"Na rangi? Swabiri amenipa picha."
"Mrudishie picha yake."
Mlango wa posta nao ubaki, ulivyo na kelele zake.
Bwana Taibali nitampigia simu kesho,
au keshokutwa.

Chengo akatoa daftari, akalowesha kalamu ulimini,
akaorodhesha alivyovikuta: taa mbili, moja kipofu,
vioo vitatu, betri iliyokufa.
Nikalirudisha jiwe mahali pake.
"Hilo la nini tena," akauliza, "breki zikiwa nzima?"

Nikamwambia aandike. Jiwe, moja.