Chupa Iliyorudi

Nyuma ya duka la fotokopi, pale Chavakali,
mvua ikipiga mabati hadi tukasemezana kwa vidole,
Adagala alinifungulia kompyuta yake.
Shangazi, alisema, biashara bila nembo ni mtu bila jina.
Jina ninalo, nikamjibu, ni Kageha,
na nilipewa bure.
Yeye alitaka elfu mbili na mia tano.

Ya kwanza ilikuwa karanga yenye macho.
Imevaa aproni, imeinua kidole gumba,
inacheka, meno yote nje.
Nikaitazama, nayo ikanitazama.
Mwanangu, nani atakula kitu kinachomchekea?
Mimi hizi huzikaanga gunia zima,
usiniletee sura zao usiku.

Ya pili, herufi tupu, zimelaliana,
nyembamba, za hoteli yenye vitambaa mezani.
Nzuri, nakiri.
Ila tulipoichapa kwa wino mweusi,
kwa ukubwa wa kifuniko cha chupa,
ikawa unywele ulioangukia siagi.
Na mlaji hasamehe unywele.

Ya tatu, duara: maneno yamezunguka ukingo,
nyota mbili, na mwaka tulioanza,
ambao ni mwaka jana,
umeandikwa kwa fahari kama mwaka wa Uhuru.
Hiyo niliisukuma kando, sikusema kwa nini.
Duara kama lile lilikuja chini ya barua ya mnada,
ng'ombe wa baba wakaondoka wawili wawili.

Sasa unataka nini, shangazi?
Nikamuuliza kama swali hilo nalo lina bei.

Mama alifinyanga vyungu.
Kabla udongo haujakauka
alibiringisha kamba ya nyasi shingoni,
msuko wa nyuzi tatu, mzunguko mmoja tu,
na pale mwanzo ulipokutana na mwisho
havikulingana kamwe:
paliachwa kidaraja, kama kizingiti cha siafu.
Nilidhani ni urembo, tena urembo ulioharibika.
Mpaka siku ya soko, mwanamke akatokea
na chungu kilichovuja maharagwe yote jikoni.
Hakutukana. Aliigeuza shingo,
akaweka kidole kwenye kile kidaraja.
Mama akampa kingine.
Tukiwa njiani, mzigo kichwani, akaniambia:
alama si ya kusifiwa, ni ya kurudishiwa.

Basi, chora kamba, nikamwambia Adagala.
Nyuzi tatu. Hapa ikatike kidogo, ipande.
Mkono wake ulitaka kuinyoosha;
kompyuta inakataa, shangazi.
Iache ikatae.
Rangi moja, ya udongo,
maana rangi tatu ni shilingi kumi na moja kila karatasi
na chupa yenyewe huniachia arubaini.
Chini yake jina langu, herufi nene,
asome hata aliyesahau miwani nyumbani.
Alinipunguzia mia tano. Nadhani kwa huruma.

Wiki tatu nembo ilikaa kwenye chupa,
hakuna aliyesema lolote.
Wenye kununua walinunua,
wenye kukopa wakakopa.
Kisha mtu akashuka kwenye bodaboda, anatoka Serem,
chupa mkononi, imepungua vijiko viwili.
Ni wewe wa kamba iliyokatika?
Ni mimi.
Chungu, akasema,
nami, Mungu anisamehe, nikasikia chungu,
nikakiona, shingo imegeuzwa, kidole juu yake.

Nikaonja. Kweli, chungu.
Nilikumbuka siku ile: simu sikioni,
moshi ukipita mbele yangu nisiuone.
Nikampa nyingine, akaipokea hajanuna wala hajatabasamu,
akaenda zake na barabara yake ya matope.

Nami nikabaki na ile iliyorudi,
nimeishika kwa mikono miwili,
hasara ya chupa nzima,
nacheka peke yangu, meno yote nje.