Tundu la Nne

Ndege ya Mwalimu Chitanda haina miguu bado.
Imelalia matofali nyuma ya ghala la korosho, Nachingwea,
mbavu za mninga, turubai nusu,
na kuku wa jirani ametaga kwenye kiti cha rubani.

Ameniletea springi ya lori, jani moja pana,
kalinunua kwa wachinja magari pale Masasi,
lina mkunjo wake tayari, kama goti la panzi.
"Fundi Somoe, nitobolee manne tu.
Mawili kulia, mawili kushoto, bolti za milimita nane."

Manne tu.
Hiyo "tu" imenila Jumamosi mbili.

Biti ya kwanza ilipiga yowe, ikateleza,
ikaacha mkwaruzo wa ukucha wa paka.
Ya pili iligeuka buluu nchani, ikafa.
Ya tatu ilikatika, kipande kikanipita sikioni
kikaenda kuishi kwenye ukuta wa udongo. Kimo hadi leo.
Nikakaa chini.
Chuma hiki kimebeba ufuta miaka na miaka
njia ya Liwale, masika na kiangazi,
kila shimo la barabara limekipiga, nacho kikalikataa.
Mimi nani, nikitie shimo langu?

Bakiri wa gereji akaja na mtungi wa gesi na ushauri:
"Kichome kiwe chekundu, kipoe kwenye majivu,
utakitoboa kama papai."
Kweli tupu. Na kiberiti nilishakishika.
Mwalimu akaniwekea kiganja juu ya mkono.
"Nilichonunua ni ukaidi, fundi.
Kutua ni kuanguka kwa adabu.
Siku hiyo nataka chini yangu
kitu kinachojua kusema hapana."

Saa tisa umeme ukakatika.
Mtaa mzima ukasema aah kwa mdomo mmoja.
Drili ikazungukazunguka kidogo, ikanyamaza,
na katika kimya kile nikaiona ukutani
keekee ya mkono ya babu, ya gurudumu na bamba la kifuani,
iliyobaki Wazungu walipoondoka
na karanga zao zilizokataa kuota.

Nikaitia biti ya zege, yenye jino la kabaidi,
niliyoinoa asubuhi hadi ikakata ukucha.
Grisi sina. Nina ufuta:
chupa ya soda, mafuta ya shamba letu, nikadondosha.
Nikaegemeza kifua. Mwalimu akazungusha.
"Polepole. Lakini usikipapase.
Chuma kikipapaswa kinakomaa. Kikate, au kiache."

Mzunguko. Pumzi. Mzunguko.
Kisha ukatoka uzi,
mwembamba, rangi ya nyasi ya Agosti,
ukijikunja kama nywele za mtoto wa wiki moja.
Hatukusema neno.
Kitu kama kile ukikishangilia kinaona haya.

La kwanza lilichukua saa nzima. La pili, zaidi.
Kwenye la tatu nilimuuliza ataruka kwenda wapi.
"Juu," akasema.
Akazungusha mara kumi hivi.
"Halafu nirudi hapahapa."

La nne tulilifanya kwa taa ya chemli,
mbavu zangu zina alama ya bamba, viganja vyake vimetoka malengelenge,
na ncha ilipokaribia kutokea, pale ambapo jino hupasuka,
tukapunguza, tukapunguza, hadi nikasikia
si kwa sikio, kwa mfupa wa kifua,
chuma kikikubali.
Si kushindwa. Kukubali.

Nikapuliza vumbi, nikainua jani, nikachungulia:
ng'ambo ya pili, duara la milimita nane,
kuku kwenye kiti cha rubani, jicho moja wazi,
akinitazama kama abiria aliyechelewa kuondoka.

Jirani akaita juu ya ua:
"Somoe! Harufu yote hiyo ya ufuta, mnakaanga nini usiku huu?"
"Pua," nikamjibu.
Akacheka, akadhani namtania.
Mwalimu alikuwa ameshaanza kutafuta bolti gizani.