Komamanga la Ukutani

Miaka tisa Bi Twaiba na mama hawakuamkiana.
Chanzo ni mfereji wa maji ya mvua,
umwagikie upande gani wa kichochoro chetu cha Mtamwini.
Mfereji ulishaziba. Ugomvi haukuziba.

Mimi kazi yangu ni kutoboa vidole.
Nakaa maabara ya hospitali,
napokea watu tone kwa tone.
Siku ile tone lilikuwa la mama.
Mashine ikasoma saba nukta nane.
Nikapima tena, kama sonara asiyeamini mizani.
Saba nukta nane.

Daktari akaandika vidonge vya chuma,
akaandika mchicha, kunde, maini yakipatikana.
Mama akala vijiko viwili, akageukia ukutani.
"Kanwa langu ni ivu," akasema.

Habari za Lamu hazihitaji miguu, zina madirisha.
Alfajiri ya pili, juu ya ukuta wa kiwanda,
pale mkomamanga wa Bi Twaiba unapochungulia kwetu,
komamanga moja juu ya kipande cha gazeti,
na taji lake kichwani,
kama mgeni aliyevaa kabla ya kualikwa.

"Rudisha kuko kuko."

Sikurudisha.
Nilikaa mkekani nikalipasua kwa kucha,
kwani kisu humwaga maji yake bure.
Ngozi ngumu, ya mtu aliyenuna;
ndani vyumba, kila chumba na pazia lake chungu,
na punje zimebanana
kama watoto wa chuoni siku ya kugawiwa halua.

Nikamwambia, kwa sauti ya kazini:
Chuma chake haba, mama, sikudanganyi.
Lakini lina vitamini C, na huyo ndiye bawabu:
chuma cha kunde kikibisha hodi tumboni, yeye hufungua.
Lina foleti, damu changa haijengwi bila yake.
Lina potasiamu, ya moyo na misuli.
Kokwa usiziteme, nyuzinyuzi zake hufagia matumbo.
Na huu wekundu, wanasema hupigana na kutu ya mwili;
wanaosema bado wanapima, nami bado nasoma.
Si dawa. Vidonge utameza.

"Umemaliza hotuba?
Nipa moya."

Moja. Niliisikia ikipasuka nyuma ya meno,
ukali kwanza, halafu utamu,
uso ukakunjika, ukakunjuka.
Akanyosha mkono tena.
Kufika adhuhuri chumba kimoja kilikuwa kitupu,
na sahani ya kunde iliyokuwa kando, nayo.

Likaja la pili. Likaja la saba.
Siku ya kumi na moja ukuta ulikuwa mtupu.
"Yeo halikuya?" mama akauliza,
akijifanya anatafuta kifungo.

Dirisha likajibu: mjukuu wa Bi Twaiba
anaharisha tangu jana.
Mama akainuka, bila kushika mlango.
Kumbe maganda yote alikuwa akiyaanika darini, kwenye ungo;
akayatwanga, akayafunga karatasini
kama alivyomwona nyanya yake.
Nikasema, mtoto kwanza anywe maji ya chumvi na sukari,
kisha aje hospitali tumtazame.
"Peleka na hayo. Peleka vyote. Sema..."
Miaka tisa ikamkaa kooni kama kokwa.
"Sema ganda limerudi kwa mwenyewe."

Wiki ya sita nilitoboa kidole kile kile.
Kumi nukta mbili.
Ni vidonge? Ni kunde? Ni ule ukuta?
Mashine yangu haina kitufe cha kuuliza hayo.

Leso yangu ya siku ile nimeifua mara nne,
doa halitoki.
Mama asema ndimu. Bi Twaiba asema chumvi, na jua la asubuhi.
Wanabishana tangu alasiri,
mmoja huku, mmoja kule, ukuta katikati,
na hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kuingia ndani.