Gari Liko Gereji?

Swali la kwanza hunipokea getini, kwa mlinzi:
"Mama Mihayo, gari liko gereji?"
La pili masjala, kwa karani wa hati.
La tatu kanisani, kwa sauti ya chini,
kama ya mtu aliyefika matangani
na bado hajajua marehemu ni nani.

Niliuza gari Machi. Halikuwa limekufa.
Lilikuwa linakula.
Lilikula petroli, likala bima, likala bushi za mbele,
na kijana wa kuliosha naye alikuwa na njaa yake.
Kutoka Isevya hadi ofisini ni kilomita nne,
tambarare kama meza.
Nilichoma mafuta yote yale
ili nikakae kwenye kiti.

Nikanunua baiskeli kwa fundi Nsimba, kule Ng'ambo.
Nikajisemea: sasa nakwenda bure.
Nsimba akacheka, spoki mdomoni:
"Bure ni kupanda, mama. Kufika kuna bei."

Bei nimeziandika nyuma ya daftari la maziwa.
Mbigili, kila wiki; kiraka na solusheni.
Gololi zilizosagwa na mchanga wa Tabora,
mchanga unaoingia popote, hata kwenye ndoa.
Blauzi ya pili mfukoni, na kipande cha sabuni.
Kitenge cha harusi ya wifi yangu:
kililiwa na mnyororo mbele ya benki, mchana kweupe,
foleni nzima ikitazama.
Goti. Lori la tumbaku lilinitupa ukingoni bila kunigusa,
kwa upepo wake tu.
Goti halina risiti.

Na wale wa "utapungua, shoga, utarudi usichana"!
Sijapungua. Nikifika nakula chapati tatu
pale nilipokuwa nakula moja.
Wengine: "Unabana matumizi, eh? Unajenga?"
Sijengi.
Wengine hunipita kwa honi ndefu
kana kwamba barabara niliiazima kwao
na siku ya kurudisha imepita.

Bei moja sikuiandika.
Mihayo, miaka kumi na mmoja, hukaa kwenye keria,
amenishika kiuno tangu nyumbani,
ananihesabia mashimo kwa sauti,
na hatua hamsini kabla ya geti la shule husema,
"Hapa panatosha, mama."
Hushuka kabla sijasimama.

Hilo ndilo nililokuwa nalo kichwani siku ile kwenye reli,
nimeziba pancha, pampu bado mkononi,
najihurumia vizuri kabisa,
alipotokea mwanamume na magunia matatu ya mkaa
juu ya baiskeli isiyo na breki.
Ametoka nayo upande wa Sikonge tangu usiku wa manane.
"Mwangaluka, mama."
Hakuuliza gari liko wapi.
Aliomba pampu.

Akajaza upepo, bega lake likiwa ndiyo stendi ya magunia.
Nikaona viatu vyake: tairi, lililokatwa kwa kisu.
Nikasema, ili mradi nimesema,
"Sisi wa baiskeli tunateseka, ndugu yangu."
Akanitazama. Hakukasirika.
"Wewe unapanda, mama. Mimi nasukuma."
Akaifuta pampu kwa shati kabla ya kunirudishia,
na shati likaiongezea weusi.

Sijaifuta.

Asubuhi mlinzi kauliza tena.
Nikafunga kufuli, nikakung'uta mchanga kwenye pindo.
"Nililiuza," nikamwambia.
"Nilikuwa nalo la kuuza."
Hakunielewa. Aliniuliza
lilikwenda kwa bei gani.