Alama Mbili

Mwezi Machi, theluji ingali imeng'ang'ania paa za Twin Falls,
waheshimiwa kule Boise walinyoosha mikono,
wakahesabiwa, wakaishusha,
na mtihani wa hesabu ukafutwa.

Mtihani ule ule.
Nimeufanya mara tatu,
na mara ya tatu nikapungukiwa alama mbili:
mbili, idadi ya macho
niliyoyainamisha mbele ya mama.

Nikaenda shuleni asubuhi, natoka zamu,
buti zanuka maziwa yaliyochacha.
Bi Tveit wa ofisini alilikumbuka jina langu.
Akanipa kiti, akavaa miwani, akasoma kifungu mpaka chini.
"Ni kwa wanaomaliza kuanzia Julai mosi."
Akavua miwani.
Kumbe sheria ina uso, haina kisogo;
waliokwisha kupita haiwaoni.

Nabintu, mdogo wangu, atavaa joho.
Badala ya mtihani wamewatungia somo,
matumizi ya fedha nyumbani, nusu mwaka, lazima kwa kila mtu.
Juzi kanijia mezani na karatasi yenye visanduku:
"Kaka, mwalimu anataka mshahara wa mtu wa kweli."
Nikampa hati yangu ya malipo,
mkunjo wa mfuko ungali juu yake.

Akaandika. Kodi. Umeme. Gesi, maana baridi haina huruma.
Petroli. Mchele, gunia. Bima ya gari ambalo haliwaki Jumatatu.
"Na pesa za shangazi, Bukavu?"
"Hizo hazina kisanduku."
"Kichore."
Akakichora, kwa rula, ulimi nje.

Akashika kikokotoo. Mimi navua soksi.
"Kumi na tisa na senti arobaini," nikasema,
kidole chake hakijagusa alama ya sawasawa.
Akatazama kioo. Akanitazama.
"Umejuaje?"

Nimejuaje.
Usiku kucha jibini hupita mbele yangu, bonge kwa bonge,
nami natoa, najumlisha, nakopa kwa Ijumaa nilipe Jumanne,
bila kalamu, bila msimamizi wa kuniambia muda umekwisha.

Chini ya ukurasa palikuwa na mstari:
saini ya mzazi au mlezi.
Nikatia.

Leo karatasi imerudi. Tisini na nane.
"Mbili amezikata," asema Nabintu, "kwa kile kisanduku."
Akaibandika kwenye jokofu hivyo hivyo,
akaenda kutafuta pasi.