Senti Kumi na Tisa

Kila kitabu kinapovuka mlango huu, hapa Kärdla,
serikali humwekea mwandishi senti kumi na tisa.
Si bei ya yai. Ya nusu yai, labda, pamoja na ganda.
Lakini ni sheria, na mimi ndiye mwenye mashine:
napitisha nuru nyekundu juu ya mistari,
inalia tii, na mahali fulani Tallinn
jasho la mtu limeandikwa daftarini.

Heldur Lepmets ana kitabu kimoja tu,
cha visima: visima vyote vya tarafa yetu,
nani alichimba, kwa koleo lipi, maji yana ladha gani.
Miaka tisa alipiga hodi kwenye nyua za watu
akichungulia mashimo yao kwa kamba na taa.
Wakamwita Heldur wa Ndoo.
Kitabu kilipotoka walimpongeza, hawakukinunua.
"Tutakiazima," walisema.
Hawakukiazima.
Kikakaa rafu ya chini, jirani na sheria za kodi.

Naungama. Januari ile nilikichukua mwenyewe.
Nikakitoa kwa jina langu, tii,
nikakirudisha Jumatatu bila kukifunua.
Februari tena. Machi tena.
Haba na haba, nilijiambia; ila kibaba ni kikubwa
na haba yenyewe ina harufu ya wizi,
kwani hakuna kifungu kinacholipia huruma.

Aprili, kwa aibu, nikaanza kusoma.
Ukurasa wa kwanza mkavu kama mkate mweusi wa juzi.
Wa arobaini ukanishika mkono.
Kuna kisima, anasema, ambacho mchimbaji wake
alisikia akiitwa kwa jina kutoka chini,
akatupa koleo, akaenda kuoa.
Kuna kingine, maji yake yana ladha ya funguo.
Mei nilikirudisha kikiwa na doa la supu.

Mwaka ulipokwisha barua ikamfikia:
mara kumi na nne. Euro mbili, senti sitini na sita.
Alikuja Jumanne, theluji kwenye kope,
bahasha kifuani kama aliyebeba yai bichi.
"Watu kumi na wanne, Maimu!"
Tangu hapo akaanza kuusalimu mji upya.
Daktari wa ng'ombe akipita, Heldur anavua kofia: huenda ni yeye.
Fundi bomba akipita, anaivua tena.
Akapaka lango rangi. Akachonga penseli za juzuu ya pili.
Nawajua wagema wetu wa mibetula:
ukiwasifu tu, wanatia maji.
Huyu alisifiwa na mtu mmoja, akazidi kuchuja.

Mara kumi na mbili zilikuwa zangu.
Moja ya mvulana aliyetaka kitu kizito
cha kukandamizia majani ya somo la mimea.
Na moja ya bibi Salme, aliyesoma amesimama,
ukurasa mmoja, wa kisima alimofia baba yake.
Aliweka kidole juu ya jina. Akaenda nacho nyumbani
usiku mmoja, kesho yake akakirudisha
kimefungwa kitambaa safi.
Hiyo nayo ililipwa senti kumi na tisa.

Kwa pesa zile Heldur alinunua andazi moja la iliki,
akaligawa kwa kisu changu cha kufungulia barua.
Nilikula nusu yangu yote, na makombo.
Sijui nilikula jasho lake au hila yangu.

Leo asubuhi mashine imenitolea notisi, kwa jina langu:
kitabu ulichonacho kinasubiriwa na msomaji mwingine.
Nimeisoma mara mbili.
Kimo mkobani, ukurasa wa mia na tatu,
na kisima cha mwalimu bado hakijatoa maji.
Nimekaa nacho hadi saa sita, nikipanga kadi zilizokwisha kupangwa.
Siruhusiwi kusema ni nani.
Alisimama kaunta, glavu zinachuruzika,
akakifungua palepale, akakunja uso.
"Hilo doa," nimesema, "lilikuwepo."